Tarishi wa nyumba yako ni nani? Mambo ya kujua kabla ya kubadilisha DNS

Na Mwandishi Wetu, London

Taa zote za ruta zilikuwa za kijani, na hilo ndilo lililonichanganya. Ilikuwa Jumapili usiku, nina makala ya kutuma kabla ya saa sita, na hakuna tovuti hata moja iliyokuwa ikifunguka. Barua pepe nayo imegoma. Lakini simu ya WhatsApp niliyokuwa nikizungumza na dada yangu mdogo aliyeko Tanga haikukatika. Sauti yake ilikuwa inakuja safi kana kwamba yuko jikoni kwangu.

"Kaka, mbona unasema huna intaneti na sisi tunaongea kwa intaneti hiyo hiyo?" aliniuliza. Sikuwa na jibu.

Tulipoagana nikaipigia simu kampuni inayonipa huduma. Nikasikilizishwa muziki kwa zaidi ya nusu saa, kisha kijana mmoja mpole akanielekeza nizime ruta na kuiwasha tena. Nikafanya hivyo mara tatu, bila mafanikio. Mwishowe nikamwamsha rafiki yangu anayefanya kazi ya kompyuta. Alicheka. "Intaneti yako ni nzima," akaniambia. "Kilicholala ni DNS ya kampuni yako. Chukua kalamu." Akanitajia namba za kuandika kwenye kompyuta, nikaziandika, na baada ya dakika mbili tovuti zote zikafunguka. Makala ilitoka saa sita kasorobo.

Nilipaswa kulala kwa furaha, lakini usingizi haukuja, na sababu yake ni ya zamani kidogo.

Mwaka nilioondoka nyumbani, watu walioingia chumbani kwangu hawakuanza na kompyuta. Walianza na daftari. Lilikuwa daftari la kawaida la jalada jeusi, lenye majina na namba za simu. Hakukuwa na siri yoyote ndani yake. Sikuwa nimeandika nani aliniambia nini wala lini. Yalikuwa majina matupu. Lakini ndani ya wiki mbili, watu watatu waliokuwamo kwenye daftari lile walikuwa wameitwa kuhojiwa. Mmoja wao hapokei simu yangu hadi leo, na simlaumu.

Tangu hapo najua kwamba orodha ya majina peke yake inatosha kumsimulia mtu. Na usiku ule wa Jumapili nilitambua kuwa nyumba yangu ina daftari jingine, linalojiandika lenyewe kila dakika, na kwamba kwa ajili ya haraka ya makala nilikuwa nimelikabidhi kwa mtu ambaye sikuwahi hata kumuuliza jina.

KAZI YA TARISHI

Msomaji ambaye si mtu wa kompyuta asiogope, jambo lenyewe si gumu. Kompyuta hazijuani kwa majina, zinajuana kwa namba. Wewe unaandika jina la tovuti, lakini kabla ukurasa haujaja, lazima mtu aende akaulize: jina hili namba yake ni ipi? Huyo anayetumwa kuuliza ndiye DNS. Mfikirie kama tarishi wa ofisini. Unamwambia, "Nitafutie fulani anakaa wapi," naye anakwenda mbio, anarudi na anwani.

Zamani hakukuwa na haja ya tarishi. Katika miaka ya mwanzo ya mtandao, majina yote yalikaa katika faili moja lililotunzwa kwenye taasisi ya utafiti huko California, na kila mwenye kompyuta alichukua nakala. Mashine zilipoongezeka, faili lile likawa halishikiki. Mwaka 1983 Mmarekani Paul Mockapetris akabuni mfumo huu tunaoutumia hadi leo, ambamo hakuna mtu mmoja mwenye orodha yote.

Tarishi anaanza kwenye mzizi, yaani seva zinazotambulika kwa herufi 13, kuanzia A hadi M. Mzizi haujui tovuti yako iko wapi, ila unajua nani anatunza majina yanayoishia na .tz au .ke. Ya Tanzania yanatunzwa na tzNIC, ya Kenya na KENIC. Huko anaelekezwa kwa mwenye tovuti mwenyewe, ndiye anayetoa namba. Safari yote hiyo huisha kabla hujapepesa jicho, na tarishi huhifadhi jibu kwa muda ili akiulizwa tena asirudie mwendo.

Ukifunga intaneti ya nyumbani, kampuni inakupa tarishi wake bila kukuuliza. Watu wengi wanaishi naye miaka kumi hawajui kuwa yupo. Lakini unaruhusiwa kumwacha na kuchukua mwingine, tena bure.

Sasa angalia tarishi anajua nini. Hajui ulichosoma ndani ya tovuti, wala ulichomwandikia mtu. Anajua jina la tovuti, saa uliyoliulizia, na nyumba iliyouliza. Utasema si kitu. Haya: saa saba za usiku, nyumba fulani imeulizia tovuti ya zahanati ya magonjwa fulani. Asubuhi imeulizia wakili wa kesi za ukimbizi, mchana kampuni ya mikopo, jioni tovuti ya chama cha upinzani cha nchi fulani ya Afrika Mashariki. Je, unahitaji kuambiwa zaidi ili umjue anayeishi humo?

MATARISHI WANAOJULIKANA

Kwa miaka mingi hakukuwa na cha kuchagua. Mambo yalianza kubadilika mwaka 2006 ilipokuja OpenDNS, ambayo sasa ni mali ya kampuni ya Cisco. Namba zake ni 208.67.222.222 na 208.67.220.220. Desemba 2009 Google nayo ikaleta ya kwake, 8.8.8.8 na 8.8.4.4, namba ambazo pengine ndizo zinazojulikana kuliko zote duniani. Novemba 2017 ikazaliwa Quad9, yenye 9.9.9.9 na 149.112.112.112. Aprili 1, 2018, siku ambayo wengi walidhani ni utani wa siku ya wajinga, Cloudflare ikatangaza 1.1.1.1 na 1.0.0.1.

Zote ni za bure, na mtu mzima hupaswa kuuliza: anayenipa bure anakula wapi? Google inaishi kwa matangazo. Inasema kumbukumbu zenye anwani kamili ya mteja huzifuta ndani ya saa 24 hadi 48, na kwamba haizichanganyi na taarifa za huduma zake nyingine. Cloudflare inauza ulinzi kwa wenye tovuti, na inasema kumbukumbu zake hufutwa ndani ya saa 25. Quad9 si kampuni ya biashara. Ni taasisi inayoishi kwa michango na wafadhili, na mwaka 2021 ilihamishia makao yake Uswisi ili iwe chini ya sheria za nchi hiyo za kulinda taarifa za watu. Inasema haihifadhi kabisa anwani za wanaoiuliza.

Quad9 ina jambo jingine. Ina orodha ya majina yanayojulikana kuwa ya wezi na wasambazaji wa virusi, na ukiulizia mojawapo haikupi jibu. Kwa sisi wa ughaibuni hili si dogo. Kila mwisho wa mwezi tunatuma fedha nyumbani, na wezi wanalijua hilo. Wanatengeneza tovuti yenye jina linalofanana na la kampuni ya kutuma fedha, herufi moja tu imebadilishwa, kisha wanakutumia ujumbe ubonyeze. Tarishi anayekataa kukupeleka kwa mwizi anayejulikana ana faida yake, ingawa mwizi aliyefungua duka leo asubuhi huenda hajaingia kwenye orodha bado.

Tena tusidhani kuwa matarishi hawa wanaishi nje ya sheria. Mwaka 2021 kampuni ya muziki ya Sony ilikwenda mahakamani Ujerumani kutaka Quad9 ilazimishwe kuficha tovuti moja iliyodaiwa kuhusika na muziki wa wizi. Kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili, hadi Desemba 2023 mahakama ya rufaa ya Dresden ilipoipa Quad9 ushindi. Ufaransa mambo yakaenda kinyume. Mwaka 2024 mahakama iliziamuru Google, Cloudflare na Cisco zizuie tovuti zilizokuwa zikionyesha mpira bila haki, na Juni 28 mwaka huo Cisco ikaona bora iiondoe OpenDNS Ufaransa. Ndugu zetu wa Paris waliokuwa wakiitegemea walijikuta bila tarishi ghafla.

KASI: USITEGEMEE MUUJIZA

Wengi wanaobadilisha DNS wameambiwa kuwa intaneti itakimbia. Tuseme ukweli. Kama unalipia megabiti 36 kwa sekunde, utabaki na 36. Tarishi hauongezi upana wa bomba. Anachoweza kupunguza ni ule muda mfupi wa kuulizia, ambao ni sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukurasa mmoja wa habari wenye picha na matangazo unaweza kuulizia majina makumi kadhaa, kwa hiyo kama tarishi wa kampuni yako ni mzito, utaona tofauti wakati wa kufungua kurasa. Kama si mzito, hutaona chochote.

Faida iliyo wazi zaidi ni ile iliyoniokoa Jumapili: kutokumtegemea mmoja. Namna ya kutambua tatizo ni rahisi. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika ping, acha nafasi, kisha 9.9.9.9. Kama majibu yanarudi lakini tovuti hazifunguki kwa majina yake, basi laini ni nzima na tarishi ndiye mgonjwa.

Hata matarishi wakubwa huugua. Julai 14, 2025, 1.1.1.1 ilitoweka duniani kwa dakika 62 kwa kosa la mipangilio ya Cloudflare yenyewe, na watu wengi walidhani kampuni zao za intaneti zimekatika. Na yako magonjwa yasiyotibika kwa kubadilisha tarishi. Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilipotea kwa takriban saa sita kwa sababu seva zenye kutoa namba zao zilikuwa hazifikiki kabisa. Siku ile ungetumia tarishi yeyote, angerudi mikono mitupu.

MSOMAJI WA PILI WA DAFTARI

Hapa ndipo nilipokosea usiku ule, na ndipo wengi wanapokosea.

Nilidhani kwa kuandika namba mpya nimemnyang'anya daftari yule wa kwanza. Sivyo. Swali la DNS kwa kawaida husafiri waziwazi, kama kadi ya posta isiyo na bahasha. Ukituma kadi kwa tarishi aliyeko Uswisi, bado inapita mikononi mwa kampuni yako ya intaneti, na ikitaka kuisoma inaisoma. Iko mitandao ambayo hata huikamata njiani na kuijibu yenyewe, wewe ukidhani umejibiwa na Google. Kwa hiyo mtu aliyebadilisha namba tu hajamwondoa msomaji wa kwanza wa daftari lake. Amemwongeza wa pili.

Dawa ni kuitia kadi ndani ya bahasha, yaani kusimba swali ili mtu wa njiani aone fumbo tu. Teknolojia hii ipo. Njia moja inaitwa DNS juu ya TLS, iliyowekewa kanuni mwaka 2016, na nyingine DNS juu ya HTTPS, ya mwaka 2018. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Pale huandiki namba, unaandika jina: dns.quad9.net, au one.one.one.one, au dns.google. Brauza kama Firefox na Chrome nazo zina kipengele cha DNS salama.

Jambo hili liliwahi kuleta mzozo hapa Uingereza. Julai 2019 chama cha makampuni ya intaneti kiliwateua Mozilla, watengenezaji wa Firefox, kuwania tuzo ya "mhalifu wa mtandao" kwa mpango wao wa kusimba DNS, kwa hoja kwamba vichujio vya kulinda watoto vitapitwa. Kelele zilikuwa nyingi, na baada ya siku chache chama kikaufuta uteuzi huo. Hoja yao haikuwa ya uongo mtupu, nitaigusa hapo chini. Lakini inaonyesha thamani ya daftari hili kwa walio nalo.

Na hata ukiweka bahasha, usijione umetoweka. Kampuni yako bado inaona namba za mashine unazozungumza nazo, na mara nyingi jina la tovuti hutajwa tena waziwazi pale mazungumzo yanapoanza. Sheria ya Uingereza ya mamlaka ya upelelezi, ya mwaka 2016, inairuhusu serikali, kwa idhini ya kamishna wa kimahakama, kuiagiza kampuni ihifadhi kumbukumbu za mawasiliano ya wateja kwa hadi miezi 12. DNS haifuti hilo. Inapunguza mlango mmoja.

MZEE WA KIPEMBA NA WAJUKUU

Jirani yangu ni mzee kutoka Pemba, mtu wa miaka sabini na ushee, anayeishi na binti yake na wajukuu watatu. Aliposikia habari hizi aliniita.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wewe una namba za kuzuia uchafu kwenye mitandao. Nitilie na mie, hawa watoto wana vidude mikononi usiku kucha."

Kwa nyumba kama yake jibu si lile la kwangu. Cloudflare mwaka 2020 ilitoa namba za familia: 1.1.1.3 na 1.0.0.3, zinazozuia tovuti za ngono pamoja na za virusi. OpenDNS inazo 208.67.222.123 na 208.67.220.123 kwa kazi hiyo hiyo. Ukiziweka kwenye ruta, kila kifaa kinachotumia wifi ya nyumba kinaingia chini yake.

Lakini kuna mitego mitatu. Wa kwanza: usichanganye. Mtu huweka 1.1.1.3 kama namba ya kwanza na 8.8.8.8 kama ya akiba, akidhani ya pili itatumika tu ya kwanza ikifa. Vifaa vingi hutumia yoyote, na kichujio kinakuwa na tundu. Weka zote mbili za familia. Wa pili: baadhi ya makampuni hapa yana kichujio chao cha familia kinachofanya kazi kupitia DNS yao wenyewe. Ukihama umekiacha, kwa hiyo hakikisha huendi kutoka kwenye ulinzi kuingia kwenye uwazi. Wa tatu ni mtoto mwenyewe. Akiwasha DNS ya faragha kwenye simu yake, au akitumia bando la simu badala ya wifi, kichujio cha ruta hakimhusu.

Nilimweleza mzee yote hayo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hizo namba tia, lakini na simu zao saa tatu za usiku nitazikusanya miye." Nadhani alikuwa ameelewa kuliko mimi.

SIMU KUTOKA NYUMBANI

Swali gumu lilitoka kwa dada yangu. "Kaka, hizo namba zitatufungulia na sisi?"

Nilijua anauliza nini. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa Tanzania. Septemba 6 mwaka huo mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliifungia JamiiForums kwa siku 90. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa siku kadhaa, na sisi huku nje tukabaki tunapiga simu zisizojibiwa, hatujui nani mzima.

Yako mazingira ambayo DNS ilifungua mlango. Machi 2014 serikali ya Uturuki ilipozuia Twitter, kizuizi cha mwanzo kiliwekwa kwa matarishi wa makampuni ya nchini, na wananchi wakahamia Google. Vijana waliandika 8.8.8.8 kwa rangi kwenye kuta za Istanbul. Lakini furaha hiyo haikudumu. Kabla mwezi haujaisha, anwani za Google zenyewe zilikuwa zimetekwa ndani ya mitandao ya Uturuki: aliyeuliza 8.8.8.8 alijibiwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo nilimjibu dada ukweli. Kama kufuli limewekwa kwa tarishi peke yake, kumbadilisha kunaweza kusaidia. Kama limewekwa kwenye namba ya mashine, au kwenye jina linalotajwa mazungumzo yanapoanza, hakusaidii. Na laini yote ikizimwa, kama ilivyokuwa Oktoba 29, hakuna DNS, hakuna chochote. Nikamkumbusha pia kwamba mwaka 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN wajisajili, mwisho Oktoba 30 mwaka huo. Mimi niko mbali, na ni rahisi kwangu kumpa mtu maagizo ambayo gharama yake ataibeba yeye. Daftari jeusi lilinifunza hilo.

Kwa ndugu walioko Ghuba ni vivyo hivyo. Wengi huuliza kama DNS itawafungulia simu za intaneti. Kwa kawaida haifungui, kwa kuwa vizuizi vile haviko kwa tarishi peke yake. Na kwa atakayefikiria kuhamia VPN, sheria ya makosa ya mtandao ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inaweka faini ya dirham 500,000 hadi milioni 2 kwa anayeficha anwani yake ili kutenda kosa. Usicheze na mkate wako kwa namba ulizopewa barazani.

NAMBA ZA KUPEWA NJIANI

Onyo jingine. Tarishi mbaya ni hatari kuliko tarishi mvivu. Mtu anayeimiliki DNS yako anaweza kukuambia kuwa benki yako inakaa nyumbani kwake. Novemba 2011 maofisa wa Marekani wa FBI walitangaza kuvunja genge lililokuwa limeambukiza takriban kompyuta milioni nne, katika nchi zaidi ya 100, kirusi kilichoitwa DNSChanger. Kazi yake ilikuwa moja tu: kubadilisha namba za DNS kimyakimya ili waathirika wapelekwe wanakotaka wezi. Genge lilijipatia zaidi ya dola milioni 14. Ilibidi seva safi ziwekwe mahali pa zile za wezi, hadi Julai 9, 2012 zilipozimwa, ili watu wasipoteze intaneti ghafla.

Kwa hiyo namba zozote mlizorushiana kwenye kundi la WhatsApp, zikiwemo hizi za humu, zihakikishe kwenye tovuti ya mwenyewe kabla ya kuziandika. Na badilisha nywila ya ruta. Ruta yenye nywila ya kiwandani ni nyumba yenye ufunguo mlangoni.

JINSI YA KUFANYA

Geuza ruta, utaona karatasi yenye anwani yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, pamoja na nywila. Iandike anwani hiyo kwenye brauza na uingie. Tafuta sehemu ya intaneti au mtandao wa ndani, humo utaona DNS. Kabla ya kugusa, andika kwenye karatasi namba zilizopo. Weka mpya mbili, hifadhi, zima ruta na kuiwasha.

Kama laini yako ina IPv6, na nyingi za sasa inazo, badilisha na huko pia, la sivyo maswali yataendelea kwenda kwa kampuni bila wewe kujua. Ya Quad9 ni 2620:fe::fe, ya Cloudflare 2606:4700:4700::1111, ya Google 2001:4860:4860::8888. Ili kuthibitisha kuwa umehamia Quad9, fungua on.quad9.net, itakujibu ndiyo au hapana.

Ruta nyingine zinazotolewa na makampuni haziruhusu kabisa kubadilisha. Ya kwangu ni mojawapo. Una njia mbili: kununua ruta yako, au kubadilisha kwenye kila kifaa kimoja kimoja. Na ukiingia hotelini au uwanja wa ndege ukakuta ukurasa wa kujisajili wifi haufunguki, zima DNS yako ya faragha kwa muda, kisha iwashe tena.

Mimi nimeamua hivi. Kwenye simu na kompyuta ya kazi nimeweka Quad9 iliyosimbwa. Si kwamba naijua mioyo ya watu wake, ila haina matangazo ya kuniuzia, na inasema haihifadhi anwani yangu. Daftari ambalo halikuandikwa haliwezi kuchukuliwa na mtu. Kwa mzee jirani nimeweka ya familia. Kwa dada yangu sikuweka chochote. Nilimweleza nilichokujua, nikamwachia uamuzi.

Namba za zamani za kampuni nimezibandika nyuma ya ruta kwa plasta. Siku Quad9 nayo ikilala, nisimwamshe mtu usiku wa manane.